Ziwa Moja, Wenyewe Wengi: Safari ya Maji Kitui na Makueni

Mwambie mkazi wa Nairobi kwamba unawapeleka watoto Ukambani kuona ziwa, naye atacheka mpaka ashike mbavu. Kwa wengi wetu tuliozaliwa mjini, Kitui na Makueni ni nchi ya jua kali, punda waliobebeshwa mitungi na mito iliyokauka ikabaki mchanga mtupu. Mpwa wangu wa kidato cha tatu alicheka vivyo hivyo nilipomwambia afungashe nguo za siku nne. "Mjomba," akaniuliza, "ziwa hilo litakuwa la maji au la vumbi?"

Nilimjibu kwa msemo wa wahenga: ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Maziwa ya upande huo hayakuumbwa na bonde la ufa kama Naivasha na Nakuru. Yaliundwa na binadamu kwa kuzuia mito. Kwa kuwa yaliundwa na watu, kwa fedha za watu, kila mtu anadai fungu lake. Huyu ataka kunywa, yule ataka umeme, mwingine samaki, mwingine kunyweshea ng'ombe. Na sisi wa mjini, siku ya Jumapili, twataka kupanda boti na kupiga picha. Nilitaka kujua, msomaji mpendwa, kama sote twaweza kutoshea.

MASINGA: MAJI YENYE KAZI NYINGI

Tulishika barabara ya Thika kwenda Garissa, tukapita Matuu, na pale Kangonde tukakata kushoto. Mara vichaka vikafunguka, na mbele yetu pakatandazwa maji mengi ya rangi ya chai ya maziwa. Mpwa wangu alinyamaza. Kicheko chote kilikuwa kimekwisha.

Bwawa la Masinga lilikamilika mwaka 1981. Likijaa, hutandaa juu ya kilomita 120 hivi za mraba, na lilijengwa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni moja na nusu za maji ya Mto Tana. Hilo ndilo ghala la mto mzima. Chini yake yamefuatana mabwawa mengine manne kama ngazi: Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Maji yale yale huzungusha mitambo ya umeme hapa, yakateremka, yakazungusha na pale. Taa unayosomea ukurasa huu yaweza kuwa imetoka huko.

Ukingoni pana hoteli ya wageni, na familia kutoka mjini huja kupumzika, kula samaki na kutazama jua likizama. Ni mahali pazuri, sitaki kukudanganya. Lakini kaa kimya dakika chache utazame vizuri. Kule mbali mvuvi anakagua nyavu zake kwa mtumbwi. Upande wa pili mchungaji anateremsha mbuzi kuja kunywa. Na pale penye matete, kitu kilichofanana na gogo kinazama polepole bila kutoa sauti. Huyo ni mamba. Kiboko naye yumo, nao wawili hawakuja kwa tikiti.

Msichana akaniuliza kwa nini hatuoni watu wakiogelea. Nikamweleza kwamba mamba ni sababu ya kwanza tu. Sababu ya pili haionekani kwa macho. Maji yaliyotulia, yenye majani ukingoni, hupendwa na konokono wadogo wanaobeba kichocho. Mdudu wake hutoka ndani ya konokono jua likiwa kali, hasa mchana, akapenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Mtoto anarudi mjini akiwa mzima wa afya, na baada ya majuma mengi mama yake anashangaa kuona damu kwenye mkojo.

Kisha kuna jambo la kina. Bwawa si ziwa la kawaida, kwani maji yake hupanda na kushuka kwa haja ya umeme na kwa mvua. Mwaka 2009 ukame ulipopiga, Masinga lilishuka hata mitambo yake ikazimwa. Mwaka 2024, katika miezi ya Aprili na Mei, lilifurika likamwaga maji juu, huku watu wa Garissa na Tana River wakihama makwao kwa mafuriko. Mahali ulipoegesha boti mwaka jana, mwaka huu paweza kuwa tope au paweza kuwa kilindi. Anayejenga kibanda cha soda karibu mno na maji anajenga juu ya mgongo wa kiboko aliyelala.

SWALI LA MAMA WA KITUI

Tulirudi Kangonde tukaendelea mbele mpaka Mwingi, kisha tukageuka kusini kupitia Migwani na Kabati hadi mji wa Kitui. Njaa ilikuwa imetuuma. Tukaingia katika hoteli ndogo karibu na soko, tukaletewa muthokoi uliochanganywa na maharagwe, na mboga za majani pembeni. Mama mwenye hoteli, mtu wa makamo mwenye leso kiunoni, akatuuliza tumetoka wapi. Mpwa wangu, kwa furaha ya mtoto, akamwambia habari za Masinga, boti na picha.

Mama akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua jagi lililokuwa mezani, akatumiminia maji katika bilauri mbili.

"Haya, kunyweni," akasema. "Ndiyo hayo hayo mliyokuwa mkichezea jana."

Tulidhani anatania, kumbe sivyo. Mji wa Kitui hupata maji ya mfereji kutoka Masinga, kwa bomba refu linalovuka nyika yote ile. Mwingi nao hutegemea bwawa la Kiambere, lililofunguliwa mwaka 1988. Mpwa wangu aliitazama bilauri yake kama mtu aliyepewa dawa chungu.

"Mama, basi mwataka wageni wasije?" nikamuuliza.

"La, mwanangu, waje. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyewe nauza chakula, nikiwafukuza wageni nitamuuzia nani? Lakini mtu akija kwangu, haoshi miguu ndani ya mtungi wa maji ya kunywa. Aulize kwanza mtungi uko wapi, na beseni liko wapi."

Nimesoma mambo mengi kuhusu maji, lakini sijasikia sera iliyofafanuliwa vizuri kuliko hiyo ya mtungi na beseni. Sheria yenyewe yasema lugha hiyo hiyo, ila kwa maneno marefu. Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na ya kutosha. Nayo Sheria ya Maji ya mwaka 2016 yatanguliza maji ya matumizi ya nyumbani mbele ya matumizi mengine. Kwa hivyo katika foleni ya ziwa, mwenye mtungi ndiye wa kwanza. Sisi wenye kamera tuko nyuma.

Hata hivyo, kuwa nyuma ya foleni si kufukuzwa kwenye foleni. Hapa ndipo wengi hukosea. Wako wanaosema raha ni anasa, na kwamba ziwa la watu maskini halina nafasi ya michezo. Sikubaliani nao. Watoto wa Kitui nao wapenda maji, na kijana atakayeendesha boti, atakayewatembeza wageni au atakayekaanga samaki apata riziki bila kukata mti wa makaa. Jambo la kujiuliza ni nani apangiwe wapi na saa ngapi, na nani atalipia ulinzi.

CHEMCHEMI INAYOTUFUNZA

Kesho yake tulishika lami ya kusini, Mutomo, Ikutha, tukavuka Mto Athi na kuingia Kibwezi, katika kaunti ya Makueni. Ndiyo nchi ya mibuyu. Ukiingia katika msitu wa Kibwezi utadhani umebadilishiwa nchi: kivuli, ubaridi, na chemchemi za Umani zikitoa maji maangavu. Maji hayo ni mvua iliyonyesha juu ya vilima vya Chyulu, ikanywewa na mawe ya volkano, ikatembea chini ya ardhi na kutokea mbali.

Mvua hiyo hiyo ya Chyulu hutokea pia Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi. Nilimsimulia mpwa wangu habari za Mzima kwa sababu ndiyo shule ya jambo letu. Tangu mwaka 1957 bomba limekuwa likichukua maji ya Mzima kupeleka Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 200. Wakati huo huo chemchemi hiyo ina viboko, mamba na samaki, na watalii huenda kuitazama kila mwaka. Je, hugombana? Mgeni hatumbukii majini. Amejengewa chumba kilichozama kidogo, chenye madirisha ya vioo, naye hukaa ndani akatazama samaki wakipita na kiboko akitembea chini ya maji, ikiwa ana bahati. Mombasa inakunywa, kiboko anaoga, mgeni anafurahi, kila mmoja na mahali pake.

"Kumbe si lazima uguse kitu ndipo ukifurahie," akasema mpwa wangu. Nikamwambia aiandike sentensi hiyo kwenye insha yake.

THWAKE: ZIWA JIPYA, MACHO MENGI

Kutoka Kibwezi tulirudi barabara kuu ya Mombasa mpaka Emali, kisha tukapanda kwenda Wote, makao makuu ya Makueni. Maembe yalikuwa kando ya njia kila tulipotazama. Huku ndiko kulikokuwa mwisho wa safari yetu, kwa sababu huku, mahali Mto Thwake unapokutana na Athi kwenye mpaka wa Makueni na Kitui, ndiko lilikojengewa bwawa ambalo halina mfano katika sehemu hii. Kazi ilianza mwaka 2018, kwa fedha za serikali na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na tarehe ya kukamilika ilisogezwa zaidi ya mara moja. Ukuta ulichorwa uwe na mita 80 hivi kwenda juu. Hifadhi yake ilipangiwa takriban mita za ujazo milioni 680.

Sasa hesabu na mimi wenye kudai. Kuna vijiji vya Makueni na Kitui vinavyongoja maji ya kunywa. Kuna mji mpya wa Konza, ambao nao umo katika mpango wa maji hayo. Kuna wakulima wanaongoja kunyunyizia mashamba. Kuna mitambo ya umeme wa megawati 20. Kuna waliohama kutoka mashamba ya babu zao ili bwawa lipate nafasi. Wavuvi watakuwapo, kwani penye maji ya kutosha samaki hawakosi. Mamba wa Athi wapo tangu zamani, na hawajasoma mpango wowote. Na nyuma ya hao wote wapo watu wa hoteli, watu wa boti, na wewe na mimi na kikapu chetu cha chakula cha Jumapili.

Masinga lina zaidi ya miaka 40, na desturi zake, nzuri na mbaya, zimekwisha kuota mizizi. Thwake ni changa. Mti hukunjwa ukiwa mbichi. Mtu akishauziwa ploti ukingoni, akachimba choo na kujenga baa, kumwondoa kutachukua miaka mahakamani. Kanuni za maji za mwaka 2007 zilitaka kati ya mita 6 na 30 za ukingo ziachwe wazi, zikipimwa kutoka mahali maji yalipowahi kufika juu kabisa. Mita hizo zina maana zikipigiwa vigingi mapema, kabla ya wanunuzi kufika na mifuko yao.

Makueni yenyewe imeonyesha kwamba jambo kama hili lawezekana. Mwaka 2015 kaunti hiyo ilitunga sheria ya kulinda mchanga wa mito, baada ya miaka ya malori kuuchota usiku na mchana huku visima vya mchangani vikikauka. Mchanga ulikuwa na wanaoutaka wengi kama ziwa lilivyo nao. Ikiwa mchanga uliwekewa utaratibu, hata maji yaweza.

Lakini utaratibu huo uandikwe na nani? Hapa tukumbuke Naivasha. Chama cha wenye ardhi kandokando ya ziwa hilo, cha tangu enzi za ukoloni, kilitunga mpango mzuri wa matumizi. Mwaka 1995 ziwa likaingizwa katika orodha ya kimataifa ya ardhi-oevu za Ramsar, na mwaka 1999 chama hicho kikapewa tuzo kwa kazi yake. Mwaka 2001 uvuvi ukafungwa kwa mwaka mmoja ili samaki wapate kuzaana. Hata hivyo, serikali ilipotangaza mpango huo rasmi mwaka 2004, wakazi waliosema hawakushirikishwa walikwenda mahakamani, nao ukasimamishwa. Mpango ulikuwa na mengi mema, ila meza ilikuwa na viti vichache. Thwake wakae wote, mchungaji na mwenye hoteli, Mkamba wa ng'ambo hii na wa ng'ambo ile, kwa maana ziwa halijui mpaka wa kaunti.

MGENI ALIYETUTANGULIA

Jioni ya mwisho tulisimama juu ya kilima tukilitazama bonde la Athi. Ng'ambo, uwanda wa Yatta ulikuwa umelala kama ukuta ulionyooka, lava iliyotiririka zamani za kale kwa kilomita zipatazo 290. Mpwa wangu akauliza swali ambalo nilitumai angeuliza. "Mjomba, mto huu watoka wapi?"

Ndipo nikamwambia jambo ambalo ndilo sababu ya makala haya. Mto Athi hupokea maji ya Mto Nairobi, na Mto Nairobi hupokea Mathare na Ngong. Mto Ngong hutoka kwenye Bwawa la Nairobi, pale kati ya Kibera na Lang'ata. Bwawa hilo lilijengwa mwaka 1953. Wazee wa mji wanakumbuka mashua za tanga zikishindana juu yake na watu wakivua samaki siku za mapumziko. Kisha maji taka na takataka zikaingia, gugumaji likatanda, na leo ukipita hapo waweza kudhani ni shamba la majani. Hakuna aliyetoa amri bwawa hilo life. Kila mtu alimwaga kidogo tu.

Basi tukisema tutakwenda Thwake kutalii, tujue kwamba sisi watu wa Nairobi tumekwisha kufika. Maji machafu ya jikoni mwetu, mafuta ya gereji zetu na uchafu wa viwanda vyetu vilitangulia. Watu wa Makueni na viongozi wao wamelalamikia jambo hili hadharani kwa miaka mingi. Tunajadili boti zipite wapi, na mgeni mkubwa kuliko boti zote aingia usiku na mchana bila kulipa kiingilio.

Kwa hivyo naona haki ya kucheza ziwani yaanzia mjini. Mji ukisafisha mito yake, ndipo utakapokuwa na uso wa kuomba nafasi ukingoni. Na nafasi hiyo ipimwe: eneo la boti liwe mbali na mahali maji ya kunywa yanapovutwa, wavuvi waachiwe mazalio ya samaki, ng'ombe wapewe njia yao ya kwenda majini isiyozibwa na ua wa hoteli, na sehemu ya kiingilio cha mgeni iende moja kwa moja kwa vijiji na kwa walinzi. Aidha, boti zikaguliwe, na asipande mtu bila jaketi la kuokoa maisha, hata akiwa mwogeleaji hodari.

Nawe mzazi, ukipanga safari ya Masinga au ya maji yoyote ya upande huu, shika machache haya. Mwulize mwenyeji mamba wanakaa wapi kabla hujawaachia watoto. Usiwaruhusu waingie kwenye maji yaliyotulia yenye majani, na wakiwa wameingia, wapeleke wakapimwe kichocho baada ya miezi miwili au mitatu. Kataa boti isiyo na majaketi, ukose picha ubaki na mtoto. Nunua chakula kwa mama wa hapo, na mifuko yako irudi nayo nyumbani.

Tulifika Nairobi usiku. Mpwa wangu alikwenda jikoni kuosha sufuria iliyobaki na mafuta ya kukaangia. Nikamsikia amefungua bomba, kisha akalifunga. Alisimama kidogo. Halafu akachukua gazeti kuukuu, akayapangusa mafuta yote na kulitupa kwenye pipa.

"Umefanya nini hapo?" nikamuuliza.

"Namwachia yule mama wa Kitui jagi lake, na wa Makueni lao," akanijibu.

Nilimkumbusha kwamba jagi la Kitui hujazwa na Mto Tana, na la Makueni ndilo linalongoja Athi. Akasema amesikia, lakini mama ni mama. Sikuwa na la kuongeza.